Kinachoushika Mlima Mvua Inaponyesha

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilishuka Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Kwa muda usiofika saa tatu ilikuwa imemwaga zaidi ya milimita 100 za maji. Ilipokatika, miteremko ilikuwa imejaa makovu. Wanajiografia wawili, Paul Temple aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam na Anders Rapp wa Uppsala nchini Sweden, walikwenda kuyachunguza maporomoko hayo, na idadi yake ikapita 1,000.

Hawakuishia kwenye kuhesabu. Walitaka kujua kila poromoko lilianzia wapi, na jibu walilolichapisha mwaka 1972 lingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya kata yenye mlima. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba yanayolimwa na kwenye nyasi za mashamba yaliyopumzishwa. Yaliyoanzia penye miti hayakufika asilimia 1. Mvua ilikuwa ileile na mlima uleule. Tena mengi hayakuchimba mbali: tabaka la udongo la mita moja hadi moja na nusu lilibanduka kutoka kwenye mwamba uliooza chini yake, likateremka na kila kilichopandwa juu yake.

Kina hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Mita moja na nusu ni mahali ambapo mzizi wa mti unafika bila taabu, na mzizi wa kabichi haukaribii. Nusu karne na ushei imepita tangu Mgeta ibanduke, nasi bado tunazungumzia kupanda miti kwa kuangalia kilicho juu ya ardhi tu: miche mingapi, aina gani, nani kaupanda mche wa kwanza mbele ya kamera. Kinachoamua kama nyumba iliyo chini ya mteremko itaamka salama asubuhi kiko chini, na hakuna anayekihesabu.

Tuanze na udongo wenyewe. Usambara, Upare, Rungwe, nyanda za juu za Kenya ya kati na miteremko ya Mlima Elgon zina udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi. Mfinyanzi si mchanga uliosagwa zaidi. Chembe zake zina upana usiozidi milimita 0.002, na nyingi ni vibapa vyembamba vilivyolaliana. Maji yakiingia kati ya vibapa hivyo, kushikana kwao kunalegea. Wakati wa kiangazi donge la mfinyanzi unaligonga kwa jembe na jembe linaruka. Masika likilowa sawasawa, donge hilohilo linateleza kwa uzito wake lenyewe. Na mfinyanzi mweusi wa mbugani una tabia nyingine mbaya zaidi, kwa sababu huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, ukaacha nyufa ambazo mkono mzima unaweza kuzama. Mvua ya kwanza haipati shida ya kupenya polepole kutoka juu. Inaingia moja kwa moja kupitia nyufa hadi ndani.

Mzizi unafanya kazi mbili kwenye udongo wa namna hii, na mara nyingi watu wanaitaja moja tu. Kazi ya kwanza ni kushika. Udongo unastahimili kubanwa lakini haustahimili kuvutwa. Mzizi, kinyume chake, haufai kitu ukibanwa ila ukivutwa unang'ang'ania. Fundi yeyote anayesuka nondo kabla ya kumwaga zege anaijua ndoa hiyo. Kipande cha mteremko kinapoanza kuteleza, mizizi iliyovuka mstari wa kukatika hunyooka, hukaza, na kuhamishia mzigo kwenye udongo ulio imara chini yake. Kazi ya pili ni kunywa. Mmea unavuta maji kutoka kwenye mfinyanzi na kuyatoa hewani kupitia majani, kwa hiyo mvua inayofuata inaukuta mteremko ukiwa na nafasi ya kupokea maji kabla haujalowa hadi kulegea.

Kuna jambo ambalo wengi hulikataa hadi walione: kwenye kazi ya kushika, mzizi mwembamba una thamani kuliko mnene. Ukilinganisha kwa jumla ya unene uleule, mizizi mingi ya unene wa uzi wa kushonea ina nguvu ya kuvutwa kubwa kuliko mzizi mmoja wa unene wa mpini wa jembe, na inagusana na udongo mahali pengi zaidi. Mti wenye mizizi minene michache unaweza kusimama wima na bado udongo ukatoroka katikati ya vidole vyake.

Unaweza kulipima hili nyumbani bila maabara. Chimba donge moja la ukubwa wa yai kutoka chini ya nyasi za siku nyingi, na jingine kutoka shamba linalolimwa kila msimu, yote mawili ya udongo wa aina moja. Yaache yakauke kivulini kwa siku kadhaa. Kisha chukua bilauri mbili za maji, weka kichujio cha chai mdomoni mwa kila moja, na shusha donge juu ya kichujio hadi maji yalifunike. Donge la shambani linaanza kutoa viputo papo hapo, linamomonyoka kingo, na baada ya dakika chache maji yamekuwa mekundu na kichujio kimebaki na tope. Donge la kwenye nyasi linakaa. Litoe, livunje taratibu kwa vidole, utaona sababu: vinyuzi vyeupe vya mizizi, vingine vyembamba kuliko unywele, vimeushona udongo kila upande, na kuzunguka kila kinyuzi kuna punje ndogondogo zilizogandamana. Gundi inayozishika inatokana na ute wa mizizi yenyewe na kuvu wanaoishi nayo. Mwalimu wa sayansi shule ya msingi akiwafanyia wanafunzi jaribio hilo mara moja, hatahitaji kuwafafanulia mmomonyoko ni nini.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko mengine. Mti ukikatwa leo, mlima hauporomoki kesho. Mizizi imekufa lakini haijaoza, bado inashika. Ni baada ya miaka kadhaa, shina likiwa limeshasahaulika, ndipo kamba zile za chini zinapokatika moja moja. Mtafiti T. H. Wu na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1979 kutokana na utafiti wao katika kisiwa cha Prince of Wales, Alaska, ambako miteremko iliyofyekwa ilidhoofika kadiri mizizi ya miti iliyokatwa ilivyooza. Kwenye nchi za baridi dirisha hilo la hatari hufunguka takriban miaka 3 baada ya kukata na linaweza kubaki wazi kwa zaidi ya miaka 10, hadi mizizi ya miti mipya ishike nafasi. Kwetu kuna joto na mchwa, na mizizi huoza mapema zaidi.

Fikiria maana yake kijijini. Msitu mdogo juu ya kitongoji unakatwa, mbao zinauzwa, mahindi yanapandwa. Masika ya kwanza yanapita salama. Ya pili yanapita. Watu wanasema, mnaona, mlikuwa mnatutisha bure. Kisha inakuja mvua isiyo kubwa kuliko zile zilizotangulia, na mteremko unashuka usiku. Mzee aliyekata miti anaweza kuwa ameshafariki. Hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili, na ripoti inaandikwa kwamba chanzo ni mvua.

Ndiyo maana naupenda mpango unaojulikana mkoani Dodoma kwa jina la Kisiki Hai. Mkulima anatafuta visiki vinavyochipua shambani mwake, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, na kuweka alama ili jembe na mbuzi visiyaguse. Mbinu hiyo ilienezwa Niger kuanzia miaka ya 1980 na mtaalamu wa kilimo Tony Rinaudo, na lengo lake la kwanza ni kurudisha kijani kwenye ardhi kavu. Lakini tuitazame kutoka chini: kisiki kinachochipua kina mizizi iliyokwisha kufika mbali, ambayo mche wa kitaluni utahitaji miaka kuifikia. Kwenye mteremko wa mfinyanzi, chipukizi moja la kisiki lina kazi kubwa kuliko miche kumi iliyotoka kwenye viriba jana.

Kwa penye hatari ya haraka, kama ukingo wa barabara uliochongwa, ukuta wa nyuma ya nyumba iliyojengwa mlimani au mdomo wa korongo linalokua, kusubiri mti ni kuchelewa. Hapo nyasi zinashinda, na katika nyasi zote vetiva ndiyo niliyoiona ikistahili sifa zake. Asili yake ni India. Majani yake hukua kwa kusimama, mita moja na nusu kwenda juu, na mizizi yake haitambai pembeni. Inashuka wima mita 2 hadi 3, na penye udongo mzuri hata zaidi. Mwaka 1996 wahandisi Diti Hengchaovanich na Nilaweera walipima mizizi hiyo nchini Malaysia na kupata wastani wa nguvu ya kuvutwa wa megapaskali 75, karibu moja ya sita ya chuma laini cha ujenzi. Hiyo ni nguvu ya kinyuzi chenye unene usiofika milimita moja. Aina inayopandwa mashambani haienezi mbegu zinazoota, kwa hiyo haigeuki gugu la kumsumbua jirani.

Ushahidi ninaoupenda kuhusu nyasi hizi unatoka Madagascar, jirani yetu wa ng'ambo ya maji. Reli ya kutoka Fianarantsoa hadi Manakara, kilomita 163, ilijengwa kati ya 1926 na 1936 ikipita kwenye milima mikali yenye udongo mwekundu. Mapema mwaka 2000 vimbunga Eline na Gloria vilifuatana, na maporomoko 280 yakaifukia reli. Kwa vijiji vingi vya njiani hakukuwa na barabara. Treni ndiyo iliyokuwa inatoa ndizi na kahawa na kuleta mchele. Juu ya reli, wakulima walikuwa wakifyeka na kuchoma miteremko ili kupanda mpunga wa mlimani. Njia rahisi ingekuwa kuwafukuza. Waliosimamia ukarabati wakachagua kukaa nao, na wakulima haohao ndio waliopanda mistari ya vetiva kukatiza mteremko, na katikati ya mistari wakaweka mazao ya kudumu badala ya kuchoma kila mwaka. Reli ikarudi kufanya kazi, na mlinzi wa mteremko akawa yule anayeulima.

Nasisitiza hilo kwa sababu sisi tuna historia yenye uchungu upande huu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi pana kwenye milima yao, kwa amri na kwa faini. Matuta hayo yaligeuza udongo usio na rutuba ukaja juu, na kwenye miteremko mikali yenye udongo mwembamba yalikusanya maji na mengine yakaporomoka. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo, hukohuko Uluguru, waliinuka kuyapinga na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ukafa. Wakati huohuo, upande wa Mgeta wakulima walikuwa na matuta yao madogo ya ngazi waliyoyajua wenyewe, ambamo nyasi na magugu yalifukiwa udongoni kila msimu. Hakuna aliyewauliza. Ofisa yeyote wa ugani anayeingia kijijini leo na mche mkononi anatembea juu ya kumbukumbu hiyo, hata kama yeye hajaisoma.

Tukirudi kwenye vetiva, jinsi ya kuipanda si siri, ila inataka umakini kwenye mambo madogo. Chimbua shina la mama, ligawe kwa mikono au panga hadi upate vipande vyenye machipukizi mawili matatu. Kata majani yabaki sentimita 20 hivi, na mizizi ibaki kama sentimita 5. Chovya mizizi kwenye tope la samadi ili isikauke njiani. Kisha tafuta usawa wa kontua, yaani mstari wa kimo kimoja, na hapa usiamini macho, maana mteremko hudanganya: chukua miti mitatu, ifunge iwe herufi A, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni, na upime hatua kwa hatua kukatiza mlima. Panda vipande sentimita 10 hadi 15 kutoka kimoja hadi kingine, katika mfereji mdogo, mvua ikiwa imekwisha kukolea. Mstari wenye pengo ni hasara kubwa kuliko kukosa mstari kabisa, kwa kuwa maji yote yatakimbilia hapo na kuchimba korongo. Rudi baada ya wiki chache uzibe mapengo, palilia, na punguza majani mara chache kwa mwaka ili shina litanuke. Usipande chini ya kivuli kizito; haitakusamehe.

Kuna anayeuliza, na ana haki, ng'ombe wangu atakula nini? Vetiva changa huliwa, iliyokomaa ni ngumu. Lushoto na Kilimanjaro mwenye ng'ombe wa ndani anapenda gwatemala au matete kwenye makingo, na sioni sababu ya kumkosoa. Mizizi ya majani hayo haishuki kama ya vetiva lakini inatosha kwa ukingo wa kawaida wa shamba. Pale ambapo ukingo ukikatika utaua mtu, weka vetiva. Kwingine kote weka chakula cha mifugo. Nyongeza ya bure ni mbaazi: mzizi wake mkuu hutoboa tabaka gumu ambalo jembe limelikandamiza kwa miaka, na ukifa huacha mirija ambayo maji na mizizi ya mahindi hupitia msimu unaofuata. Wachaga walipata elimu hiyo zamani kwenye vihamba, mashamba yao ya kuzunguka nyumba, kwa kuchanganya mti mrefu, kahawa, mgomba na magimbi, kila kimoja na kina chake. Kihamba kikibaki na migomba mitupu kinapoteza sehemu kubwa ya mshiko wake, maana mizizi ya mgomba imejazana juujuu.

Kinachoniumiza ni barabara za vijijini. Greda linapita, linachonga ukingo wima, linakwangua hadi nyasi zilizokuwa zimejiotea, na mkandarasi analipwa kwa kilomita. Masika yanapofika mfinyanzi ule uchi unashuka, unajaza mtaro, maji yanahamia katikati ya barabara, na mwaka unaofuata fedha zilezile zinaombwa upya. Mistari ya nyasi ingeweza kuandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo, na kitalu kikakabidhiwa kikundi cha kina mama wa kijiji hicho kwa malipo. Wala hasara haiishii kijijini: Uluguru ni chanzo cha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Tope linaloshuka mlimani linaishia kwenye mitambo ya maji ya mjini.

Lakini mizizi ina mipaka, na anayeinadi kama dawa ya kila kitu anahatarisha maisha ya watu. Mpaka wa kwanza ni wa kwenye nyumba. Kwenye mfinyanzi unaovimba, mti mkubwa ulio karibu na msingi hunyonya maji, udongo unanywea, na ukuta unapasuka. Ukame wa mwaka 1976 uliwaletea wenye nyumba za London hasara ya namna hiyo, na wanaojenga kwenye udongo mweusi wa Athi River au wa mbuga zetu wanaijua. Mkaratusi au mti wowote wa kimo kirefu ukae mbali na ukuta, angalau umbali sawa na urefu utakaofikia. Kwenye ukingo wa karibu na nyumba, nyasi zinatosha.

Mpaka wa pili ni wa kina. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa upande wa Uganda wa Elgon, ukafukia soko na kituo cha afya, na watu zaidi ya 300 wakahofiwa kufa. Miteremko ya huko ina mfinyanzi mzito wa mita nyingi, na poromoko linapokatikia chini kabisa ya mizizi, miti iliyo juu inasafiri nalo ikiwa imesimama. Katesh, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa habari nyingine tena: sehemu ya Mlima Hanang yenye mwamba dhaifu ilikunywa maji ikameguka, na tope likashuka na mawe na magogo hadi mjini. Hakuna nyasi ambayo ingelizuia.

Kwa hiyo anayeishi chini ya mteremko ajifunze kuusoma. Ufa wa umbo la nusu mwezi unaofunguka juu ya mteremko, hata kama ni wa upana wa kidole. Miti au nguzo zilizokuwa wima zikianza kuinama upande mmoja. Chemchemi inayotokea mahali pasipokuwa na maji, au kijito kinachogeuka tope ghafla mvua ikiwa bado inanyesha. Milango ya nyumba inayogoma kufunga bila sababu. Ukiona mojawapo ya hayo masika yakiwa yamekolea, muda wa kupanda umeshapita. Mwite mwenyekiti wa kitongoji, watoe watoto na wazee kwanza, muende upande wa mgongo wa mlima na si bondeni, na msirudi kulala pale hadi mtaalamu wa miamba afike na kusema neno lake.